Seva inaganda usiku, bosi anamshuku mlinzi

Shikamoo Anti Mitambo,

Mimi ni kijana wa miaka 27, nipo Kahama. Nimeajiriwa kama mtunza stoo kwenye duka la jumla la vipuri vya pikipiki, lakini kwa kuwa hapa kazini ni mimi peke yangu ninayejua kompyuta, mambo ya printa, mtandao na mfumo wa mauzo yote yameniangukia. Nakuandikia kwa sababu kuna mtu anakaribia kupoteza kazi, na sina uhakika kama ana kosa.

Mwaka jana bosi alitaka seva ya kuendeshea mfumo wa mauzo, maana matawi yetu mawili yalikuwa yanaandika kwenye madaftari na jioni tunakesha tukijumlisha. Nilimletea bei ya seva ya kiwandani, akashika kichwa. Nikamwambia, "Mzee, naweza kuunga mwenyewe kwa robo ya pesa hiyo." Akanipa baraka zote.

Binamu yangu anahariri video za harusi na alikuwa anabadilisha kompyuta. Akaniuzia mazabodi, prosesa ya Ryzen 7 1700 na RAM mbili za GB 8. Nikaongeza RAM nyingine mbili za GB 8 za kampuni tofauti, zikawa GB 32. Stika za RAM za binamu zimeandikwa spidi ya 3000, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mazabodi, nikaweka hiyo hiyo kwa zote nne, na iliwaka bila kulalamika. Pawa saplai binamu alibaki nayo, kwa hiyo nilichomoa ya kompyuta ya zamani ya ofisi, ya mwaka 2008 hivi, imeandikwa wati 400. Waya wake wa prosesa una pini 4 na tundu la mazabodi ni la pini 8. Nikachomeka hizo 4, ikawaka. Nikaweka SSD mpya, kadi ya picha ya zamani kwa sababu prosesa hii haitoi picha yenyewe, Debian 12 ambayo ni Linux, na hifadhidata ya PostgreSQL. Bosi alipoiona ndani ya kabati chini ya ngazi, taa zinawaka, alipiga picha akaweka status.

Wiki ya pili ikaanza. Nafika asubuhi saa moja, tawi la sokoni linapiga simu, mfumo haufunguki. Nafungua kabati: taa inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nabonyeza Caps Lock, taa ya kibodi haibadiliki. Naipigia ping, kimya. Nashikilia kitufe mpaka izime, nawasha tena, inafanya kazi kama vile hakuna kilichotokea. Inaweza kupita siku mbili, ikaganda tena. Mara nyingine siku tano. Muda mrefu kuliko wote ulikuwa siku tisa, nikadhani imepona, hata soda nikawanunulia wenzangu.

Nimesoma logi, zile kumbukumbu mashine inazojiandikia, mpaka macho yameuma. Bakapu inaanza saa saba usiku, inamaliza saa saba na nusu, halafu baada ya saa moja au mbili au tatu logi inakatika tu. Hakuna kosa lililoandikwa. Mchana matawi yote mawili yakiwa yanauza haijawahi kuganda, isipokuwa Jumapili moja saa tisa alasiri, duka likiwa limefungwa.

Nimeshapiga Debian upya mara mbili, nimebadilisha SSD, nimepaka dawa mpya ya prosesa, nimepima RAM kwa memtest raundi moja, haikukuta kosa. Bosi amenunua UPS mpya. Hali ni ile ile.

Sasa basi. Wiki mbili zilizopita bosi alikuta chaja ya simu ya mlinzi wa usiku imechomekwa kwenye UPS ndani ya lile kabati. Akahitimisha kwamba mzee ndiye anayechomoa seva ili achaji simu. Kamera haioni ndani ya kabati. Mzee ameapa kwamba hajagusa zaidi ya ile soketi moja iliyo wazi. Bosi amesema mwisho wa mwezi wanaachana. Mzee huyu ananiita mjukuu, na kila asubuhi ananipokea kwa chai ya tangawizi. Inaniuma, lakini nikimtetea bila ushahidi bosi ataniuliza, "Basi ni nini?" na mimi sina jibu. Tena nina jambo moja moyoni: sikuwahi kumwambia bosi kwamba ile seva ni mchanganyiko wa vifaa vya mtumba. Yeye anajua ni seva.

Swali la mwisho: kuna mtu Mwanza anauza RAM za seva zenye ECC, zile zinazojisahihisha makosa, kwa bei ya kutupa. Nizichukue?

Mtunza Stoo, Kahama

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na huyo mzee, maana mashine inaweza kusubiri ila mwisho wa mwezi hausubiri. Unasema huna ushahidi. Unao, umeuandika mwenyewe ukaupita.

Mtu akichomoa waya wa seva, feni zinasimama. Akiurudisha, moja kati ya mawili: ama seva inabaki imezima mpaka mtu abonyeze kitufe, ama inajiwasha upya, na asubuhi ungeikuta inafanya kazi, na kwenye logi ungekuta imewaka saa tisa usiku. Wewe kila mara umeikuta taa inawaka, feni zinazunguka, na mashine imekufa ndani. Kuchomoa waya hakuleti hali hiyo. Hata chaja ya simu kwenye UPS haiwezi kuileta, umeme inaokula ni kidogo mno. Halafu ile Jumapili saa tisa alasiri, mlinzi wa usiku alikuwa wapi? Kwake, amelala. Chukua daftari la zamu, weka tarehe ya siku hiyo mbele ya bosi, leo, kabla hujagusa bisibisi. Huhitaji kujua kinachoiua seva ndipo useme kwamba si mzee.

Sasa mashine. Rudia kusoma barua yako uone jambo moja. Matawi mawili yanaipiga maswali kutwa nzima, haigandi. Bakapu inaisokota nusu saa, haigandi. Kazi ikiisha, watu wakilala, ndipo inakufa. Jumapili duka likifungwa, inakufa mchana. Hapo dukani kwenu kila wiki anakuja mtu na pikipiki inayokwenda vizuri barabarani lakini inazima ikiwa sailensi, akiachia mafuta tu pwaa. Fundi hamwambii mtu huyo abadilishe tairi. Anatazama kinachoilisha injini inapohitaji kidogo sana. Wewe umebadilisha tairi mara mbili, hiyo Debian namaanisha.

Prosesa za siku hizi hazikai macho bila kazi. Ndani yake kuna viini, yaani sehemu zinazofanya hesabu, na kiini kisicho na shughuli kinapelekwa kwenye usingizi wa ngazi mbalimbali, ngazi hizo zinaitwa C-state. C1 ni kusinzia. C6 ni usingizi wa kufa: kiini kinahifadhi hali yake pembeni, kinakatiwa umeme karibu wote, halafu kazi ikija kinaamshwa kwa kufumba na kufumbua. Kwenye Ryzen 7 1700 una viini vinane vinavyolala na kuamka hivyo usiku kucha. Viini vyote vikilala kwa pamoja, umeme unaovutwa unashuka ghafla, na kimoja kikiamka unapanda ghafla. Kutwa hali hiyo hutokea mara chache maana daima kuna kiini chenye kazi. Saa nane usiku hutokea bila kikomo.

Prosesa hizo zilitoka Machi 2017, na miezi haikupita mingi watu waliozitumia na Linux wakaanza kulalamika kitu kile kile: mashine imeachwa bila kazi, asubuhi imeganda, logi haisemi chochote. Agosti mwaka huo taarifa ya tatizo hilo ikafunguliwa kwa watunzaji wa keneli, ule moyo wa Linux, na watu wakaendelea kuijazia kwa miaka. Wengine waligundua wakizuia usingizi wa C6, mashine inatulia. Baadaye watengenezaji wa mazabodi wakaongeza kwenye BIOS kipengele kinachoitwa "Power Supply Idle Control", chenye chaguo la "Typical Current Idle". Liangalie hilo jina. Limetaja pawa saplai waziwazi. Ukichagua hivyo, prosesa haiachi umeme ushuke mpaka chini kabisa.

Na hapo ndipo pawa saplai yako ya 2008 inaingia, na hapo mwanangu nilitikisa kichwa peke yangu ofisini. Mwaka 2013, Intel ilipotoa prosesa za Haswell, kulikuwa na mjadala mkubwa kuhusu jambo hili hili: zikiwa kwenye usingizi mzito zilivuta ampea 0.05 tu kwenye waya wa volti 12 wa prosesa, ilhali pawa saplai nyingi za wakati huo zilibuniwa kwa kudhani kwamba mzigo hautashuka chini ya ampea 0.5. Mara kumi! Watengenezaji wa pawa saplai ikabidi watoe orodha za zipi zinafaa na zipi hazifai. Pawa saplai nyingi za zamani hurekebisha volti 5 na volti 12 kwa pamoja, kwa mkono mmoja. Upande mmoja ukiwa na mzigo na mwingine ukiwa mtupu, volti zinayumba. Yako ilizaliwa miaka mitano kabla ya mjadala huo, kwenye dunia ambayo kompyuta ya mezani haikuwahi kuvuta umeme mdogo kiasi hicho.

Sisemi kwamba pawa saplai ndiyo mkosaji peke yake. Wapo walioganda na prosesa za kizazi hicho wakiwa na pawa saplai mpya kabisa. Ninachosema ni kwamba kila kifaa kwenye kabati lako, ukikipima peke yake, ni kizima, ila havijawahi kutambulishana. Ndiyo maana binamu yako hakuona kitu miaka yote: alikuwa na pawa saplai nyingine, alikuwa anakamua video, na akimaliza anazima mashine anakwenda kulala. Hakuwahi kuiacha macho usiku kucha bila kazi. Wewe umeifanya mlinzi.

Usione aibu sana. Hata EPYC za kizazi cha pili, prosesa za seva za bei ya kuuza kiwanja, zilitolewa maelezo mwaka 2023 kwamba kiini kinaweza kushindwa kuamka kutoka usingizini baada ya siku 1044 hivi tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Karibu miaka mitatu bila kuzimwa, halafu kiini hakiamki. Tiba waliyopewa wenye nazo ni mbili: iwashe upya kabla ya siku hizo kufika, au zuia usingizi ule mzito.

Kabla hatujagusa usingizi lakini, kuna hizo RAM, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Stika ya 3000 ni ahadi ya mwenye RAM, tena kwa seti yake ya mbili, kwenye mazabodi aliyoipimia. Mwenye prosesa ana ahadi yake nyingine. Kwa Ryzen za kizazi cha kwanza ahadi hiyo inasema hivi: (safu ni makundi ya chipu kwenye RAM moja) RAM mbili za safu moja, 2666, mbili za safu mbili, 2400, nne za safu moja, 2133, na nne za safu mbili, 1866. Wewe umeweka nne, za kampuni mbili, ukadai 3000. Imekubali kuwaka, ndiyo. Hata bodaboda inakubali kubeba abiria watatu na gunia.

RAM iliyosukumwa hivyo inaweza kugeuza tarakimu moja kimyakimya. Kwenye video ya harusi utaona kidoa cha kijani kwa nukta moja. Kwenye hifadhidata ya mauzo utaona deni la mteja ambalo mteja mwenyewe halijui, na bakapu zako zote zitakuwa zimelibeba vilevile. Kwa hiyo kazi ya leo jioni ni hiyo: ingia BIOS, ondoa XMP, ile mipangilio inayoipa RAM spidi ya kwenye stika, weka 1866 kwa mkono kwa sababu hatujui zako ni za safu ngapi. Hutaona tofauti yoyote ya kasi kwenye kuuza plagi na breki. Kisha Jumamosi jioni duka likifungwa washa memtest, uiache mpaka Jumatatu alfajiri. Raundi moja ni sawa na kuonja chumvi kwa harufu.

Je, hilo litamaliza kuganda? Nadhani hapana. RAM mbovu kwa kawaida huacha uchafu: programu zinaanguka mchana, faili zinaharibika, keneli inalalamika. Yako inakufa safi. Lakini ni kosa ambalo lazima liondoke bila kujali, na likibaki litatuchanganya huko mbele.

Wakati huohuo tafuta laptop yoyote kuukuu, iunge kwa kebo kwenye swichi ileile ya mtandao, na kwenye seva uwashe netconsole. Hii hutuma maneno ya keneli moja kwa moja kwenye kebo kwenda kompyuta nyingine, bila kupitia diski. Unajua kwa nini logi yako haina kosa? Maana mashine ikiganda haina tena nafasi ya kuandika kwenye SSD. Maneno ya mwisho yanakufa mdomoni. Netconsole mara nyingine hukuwahishia neno moja au mawili. Ukikuta "soft lockup" au "rcu_sched detected stalls", maana yake kuna kiini kimenasa na vingine vilikuwa hai vya kutosha kushtaki. Ukikuta kimya kabisa, vimekwenda vyote kwa mpigo. Yote mawili yanaendana na ninachokishuku, ila kukiwa na jambo jingine kabisa, mfano diski au kadi ya mtandao, huenda likajitaja hapo.

Ikiganda tena baada ya kushusha RAM, sasa zuia usingizi. Njia ya haraka isiyohitaji BIOS ni kuongeza `processor.max_cstate=1` kwenye mstari wa keneli ndani ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, kisha `update-grub` na kuwasha upya. Hiyo inaibakiza prosesa kwenye kusinzia tu. Ikitulia na hiyo, umemjua mgonjwa. Baadaye iondoe uhamie kwenye "Typical Current Idle" ya BIOS, ambayo ni laini zaidi na haitaongeza sana joto ndani ya hilo kabati chini ya ngazi, ambalo nalo sijalipenda. Kama BIOS yako haina kipengele hicho, ni ya zamani. Tafuta apdeti kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, jina na toleo vilingane herufi kwa herufi, na usome maelezo yake kabla, maana baadhi ya apdeti huondoa prosesa za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Ukiifanya, seva iwe kwenye ile UPS mpya, mchana, si wakati wa mawingu. Umeme ukikatika katikati ya apdeti ya BIOS utakuwa na ubao wa kukatia vitunguu.

Na tafadhali, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Umebadilisha Debian, SSD, dawa ya prosesa na UPS, na hakuna hata kimoja kilichokufundisha kitu. Chukua daftari, andika tarehe, ulichogusa, na siku ilipoganda. Kwako kuna tatizo la ziada: umewahi kupata siku tisa za amani bila kufanya chochote. Kwa hiyo siku kumi za amani baada ya kubadilisha kitu hazijathibitisha lolote, wala soda usinunue. Mimi ningesubiri mwezi mzima.

Kama unataka kuharakisha, lipo jaribio ninalolipenda. Wiki moja ya usiku, ipe seva kazi ya kipuuzi isiyoisha kwenye nyuzi zake zote 16, mbili kwa kila kiini, kwa mfano `nice -n 19 stress-ng --cpu 16`, ianze duka likifungwa na ikome asubuhi, na Jumapili iende kutwa. Fungua mlango wa kabati, uangalie joto. Wiki inayofuata iache ilale. Ikiishi wiki ya kazi na kufa wiki ya mapumziko, rudia tena uone kama inafanya vilevile. Hakuna bosi asiyeelewa ushahidi wa namna hiyo. Ikitokea kinyume, ikafa ikiwa na kazi, basi nimekosea mimi, na tutazame joto, pawa saplai kuzidiwa, na hizo pini 4.

Ndiyo, hizo pini 4. Prosesa yako ni ya wati 65, kwa hiyo pini 4 zimeibeba, sitasema uongo. Lakini tundu la pini 8 halikuwekwa kwa urembo. Hata kama BIOS itamaliza kuganda, nunua pawa saplai mpya yenye waya kamili wa pini 8, inayosema kwamba inatengeneza volti zake ndogo kutoka kwenye volti 12 kwa DC-DC, na yenye dhamana unayoweza kuidai. Usidanganywe na wati kubwa kwenye stika. Usidanganywe pia na stika ya 80 Plus peke yake, ile inapima upotevu wa umeme, haikuambii volti zinatulia vipi mzigo ukishuka chini kabisa. Mashine yako haihitaji zaidi ya wati 400, inahitaji wati 400 za kweli. Na pawa saplai ya miaka mingi kiasi hicho ina kepasita zilizochoka hata kama haijawahi kukusumbua.

Kuna watu watakuambia washa watchdog, mashine ikiganda ijirestati yenyewe. Kwenye mazabodi yako moduli inaitwa sp5100_tco, na systemd, msimamizi wa huduma za Debian, inaisimamia kwa `RuntimeWatchdogSec`. Ni kitu kizuri, mwishoni. Ukiiwasha sasa utakuwa umempa mgonjwa panado: asubuhi utaikuta inafanya kazi, bosi atafurahi, na hifadhidata itakuwa inakatwa katikati ya usiku bila wewe kujua. PostgreSQL ina moyo mgumu, huweza kujirekebisha baada ya kuzimwa ghafla, lakini imeshazimwa ghafla mara nyingi mno na imekaa juu ya RAM isiyoaminika. Chukua bakapu ya wiki hii, irejeshe kwenye laptop, fungua ripoti za mauzo za miezi mitatu, ulinganishe na risiti za karatasi. Fanya hilo kabla ya hayo mengine yote ya keneli.

RAM za Mwanza: usizichukue. RAM za seva za mtumba karibu zote ni zile za "Registered", zenye chipu ya ziada ya kupokezana ishara, na mazabodi yako haiwezi kuzungumza nazo. Kinachonikera ni kwamba kwa DDR4 pengo la katikati liko mahali pamoja na la RAM za kawaida, kwa hiyo itaingia kwenye tundu vizuri kabisa, itabana, utafurahi, halafu skrini haitawaka. ECC ya kweli kwa prosesa yako ipo, ni ile isiyo "Registered", lakini inategemea kama mwenye mazabodi aliiruhusu. Tafuta orodha yake ya RAM zilizopimwa, kila mtengenezaji huiweka kwenye ukurasa wa modeli husika. Namba ya RAM isipokuwepo humo, usitoe pesa. Bora hata uuze hizo nne zako ununue mbili za GB 16 za seti moja.

Na bosi. Sitaki kukuficha, sehemu hii ndiyo uliyoiogopa na ukaiweka mwishoni mwa barua kwa sentensi mbili. Mwambie. Usimwambie kwa maneno ya C-state, mwambie kwa maneno yake: "Mzee, ile mashine nimeiunga kwa vipuri vya pikipiki tatu. Inaenda, ila inazima ikiwa sailensi. Kosa ni langu, si la mlinzi, na hii ndiyo hesabu ya kuirekebisha." Mtu anayeuza vipuri maisha yake yote anajua vizuri kuliko mimi na wewe kwamba kabureta nzima na injini nzima zinaweza kukataana. Peleka karatasi yenye bei mbili: ya pawa saplai na RAM, na ya seva ya mtumba ya kiwandani yenye mazabodi ya seva, RAM zake na pawa saplai yake, vilivyotoka pamoja. Mimi ningechagua ya pili kama pesa ipo, na hiyo Ryzen ingekuwa kompyuta nzuri sana ya keshia, inayozimwa kila jioni.

Atakasirika, pengine atakukata kidogo. Lakini akimfukuza mzee, na wiki inayofuata seva ikaganda saa nane usiku kama kawaida, unadhani atamtazama nani?

Chaja mtafutie soketi nje ya kabati. Ile UPS ni ya seva.

Anti Mitambo